Bega la Mwavuli

Shuka nne nyeupe, mishono mitatu, na pindo pana kwa juu la kupitishia kamba. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Mama Vifungo asubuhi, na alasiri haijaisha alikuwa ameimaliza na kuipiga pasi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuichukua mwenyewe. Aliishika, akaivuta huku na huku, akafumba jicho moja kuangalia kama mistari imenyooka, utadhani yeye ndiye aliyezaliwa juu ya cherehani.

"Mishono haijapinda?"

"Mwenyekiti, mshono wangu umewahi kupinda lini?"

"Ni kwa sababu ya wageni tu. Watu wa hifadhi hawa. Mto utakaoonyeshwa ni mkubwa, nisingependa ukatikie njiani."

Alicheka peke yake, akaondoka na sinema ya mtaa mzima begani. Mlangoni mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, aligeuza uso kuufuata mlio wa viatu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na giza, basi. Mengine aliyapata kwa masikio, na masikio yake yalitosha watu watatu.

"Sinema ya bure," alisema. "Hata panya hupewa karanga bure, mwanangu. Ila anapewa ndani ya mtego."

"Ni sinema ya mto, mama. Maji na ndege. Mtoto anataka kuona."

"Mwaka juzi haohao walikuja na mizani ya kupima watoto. Nani hakufurahi? Walipoondoka waliondoka na vijana watatu ndani ya gari, wamefungwa pingu. Mimi sijasahau."

Mama Vifungo alichukua simu, akabonyeza namba ileile aliyoibonyeza asubuhi na jana na juzi, akasikiliza sauti ileile ya yule dada asiyechoka: mtumiaji wa namba hii hapatikani. Siku kumi na tisa. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mashoto, alikuwa ameaga kwamba anakwenda kambini, kwenye kazi ya barabara. Kambi yenyewe iko mbali, mtandao ni wa kubahatisha, ndivyo alivyosema. Siku tano za kwanza Mama Vifungo aliyaamini maneno hayo. Kuanzia ya kumi alikuwa akiyaamini kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango ili usifunguke.

*

Jua lilipozama uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Shuka zake zilitundikwa kati ya nguzo mbili za goli, zimenyooka, na kwa kuwa yeye ndiye fundi, mwenyekiti alimpa kiti cha plastiki mstari wa mbele. Alikikalia kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaja karani mmoja wa wageni, mwenyekiti akamwinamia Mama Vifungo sikioni.

"Samahani, fundi. Wewe ni mwenyeji, si ndiyo? Mwenyeji hakosi pa kukaa."

Akainuka. Watu walimwona akiinuka, na kinyozi, ambaye hakuwahi kuacha neno limpite bila kulinyoa, akasema kwa sauti, "Umewatandikia shuka na kitanda wamekunyang'anya!" Watu wakaangua kicheko. Akaenda kukaa mkekani na familia yake, uso ukimwaka, na mama mkwe akauliza wanacheka nini, naye akasema hawacheki kitu.

Ofisa wa hifadhi alisimama mbele ya shuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti nzito na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alisema mto huu ni mmoja wa mito michache ambayo haijazuiwa wala kupindishwa na mtu. Alisema filamu ni ya zamani kidogo, ila mwishoni wameongeza picha mpya za mwezi huu, zilizopigwa na kidege chao cha kamera. Mashine ikawashwa, na mto ukatokea.

Kwa kweli ulipendeza. Ulianza kama uzi milimani, ukanenepa, ukaangukia mabonde na kurusha mvuke. Spika mbili zilitoa mngurumo uliowatikisa watu matumboni. Chiriku, binti yake wa miaka saba, ambaye jina hilo alilipata kwa haki, alikuwa amekaa kati ya miguu ya bibi yake akimsimulia kila kitu, kama alivyomsimulia njia, soko na sura za watu kila siku.

"Sasa kuna nini?"

"Maji, bibi."

"Na sasa?"

"Maji tena."

"Huu mto wao hauna kitu kingine?"

"Subiri, bibi! Mamba! Mmoja, wawili, wengi! Mmoja anapiga mwayo!"

Waliokaa karibu walicheka, wengine wakaacha kutazama wakawa wanamsikiliza Chiriku. Hata Mama Vifungo alicheka. Aliona mishono yake mitatu ikipita katikati ya maji bila kuyakata, akasahau kile kiti.

Kisha rangi ya picha ikabadilika. Sasa mto ulionekana kutoka juu, mwembamba, wenye hasira, maji yakiwa meupe kati ya miamba. Sauti ya msimulizi ilisema: "Lakini hata huku wezi wa magogo wamefika. Hawajui kwamba mto huu hausamehe." Na hapo kwenye kona ya chini ya shuka yakatokea magogo sita yaliyofungwa kamba, na juu yake mtu amesimama na upondo mrefu wa kusukumia.

Kidege kilishuka. Mtu yule akakua. Shati lake lilikuwa la kijani, na bega lake moja, la kushoto, lilikuwa jekundu.

Mama Vifungo alilijua bega hilo. Mashati yote ya mumewe yalichanika mahali pamoja, kwapani kushoto, kwa sababu mkono huo ndio uliofanya kila kitu. Mwaka huu alichoka kuyaziba. Alichukua mwavuli mwekundu uliovunjika mbavu, akaukata, akamwekea bega zima la kitambaa kile kigumu kisichochanika, mshono mara mbili. Mtaa ulicheka wiki nzima. Kinyozi alimuuliza Mashoto kama mvua ikinyesha atalifungua.

"Bibi!" Chiriku alisema. "Kuna mtu juu ya magogo! Ana shati kama la ba—"

Kiganja cha mama yake kilimfunga mdomo.

Kwenye shuka, mtu yule aliinua uso kuutafuta mlio angani. Alikinga macho kwa mkono wa kushoto. Upondo ulimponyoka. Magogo yaliingia kwenye povu, yakageuka ubavu, yakapita mshono wa katikati wa shuka, na papo hapo picha ikakatika. Wakatokea ndege weupe, maelfu, wakiruka pamoja kwa muziki mzuri.

"Mtoto kanyamaza kwa nini?" mama mkwe aliuliza. "Kuna nini sasa?"

"Ndege, mama," alisema Mama Vifungo. Chiriku alimng'ata kiganja. Hakukiondoa.

*

Muziki ulizimwa lakini taa ya mashine ikaachwa, na shuka zikabaki nyeupe tupu, zimejaa wadudu. Katika mwanga ule Mama Vifungo aliona kinyozi amegeuza shingo polepole kumtazama. Seremala naye alimtazama, kisha akatazama vidole vya miguu yake. Mwenye duka, na mke wa mwenye duka. Wote walilijua bega lile. Alitamani ardhi ipasuke, halafu akatamani zaidi mtu mmoja tu amwambie lile povu liliishia wapi.

Hilo ndilo lililomtia kichaa. Alitaka kuuliza swali moja, la maneno mawili: je, alivuka? Na kuuliza kulikuwa kumtia mumewe pingu. Anayemuulizia mwizi ni nani kama si wa nyumbani kwake?

"Maswali," alisema ofisa. "Ulizeni, msiogope."

Kinyozi alikuwa wa kwanza kusimama. "Yule mamba aliyepiga mwayo," alisema, "hakujaribu kuila kamera?" Watu wakacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi. Mwingine akauliza samaki. Mwingine akauliza kama sinema itakuja tena. Mama Vifungo alielewa kwamba watu wanajaza muda ili usibaki mwanya, na moyo wake ukawashukuru.

Ndipo seremala akasimama, akavua kofia. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote alikuwa akiyapima kama mbao.

"Yule wa magogo. Alifika ng'ambo?"

"Tulikata pale," alisema ofisa, "kwa sababu huwa kuna watoto."

Mama mkwe alinyoosha mkono gizani, akaupata mkono wa mkwe wake, akaukamata kwenye kifundo.

"Nimesikia," alinong'ona. "Ni yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa kimya. Usitikisike."

Ofisa aliinama kwenye boksi lake akatoa bahasha kubwa ya karatasi. "Sitawazungusha," alisema. "Huu ni mtaa wa sita tunakoonyesha picha hizi. Mtu yule tulimtoa majini. Mkono wake ulisagwa kati ya gogo na mwamba. Yuko hospitali. Tukimuuliza jina anageukia ukutani. Tukimuuliza ndugu anasema hana, alizaliwa na mto. Mkono umeoza, na tangu jana asubuhi hasemi tena kitu, ni homa tu. Daktari anataka kuukata. Alipokuwa na akili zake alikataa, na sasa daktari anasema bila ndugu kutia sahihi hagusi. Kesho kutwa, anasema, sahihi haitakuwa na kazi."

"Mkilipata jina mtamfunga!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Akipona atapelekwa mahakamani, ndiyo. Siwezi kuwadanganya." Akarudia kwa sauti ya chini, "Akipona."

"Mtego huo," alinong'ona mama mkwe. "Unasikia? Wanataka tujitaje. Pengine alivuka. Pengine yuko kichakani anatucheka."

Ofisa alitoa shati ndani ya bahasha. "Hili ndilo alilokuwa nalo. Lipitisheni. Anayeijua kazi hii aseme."

Shati likaanza safari yake. Mwenyekiti alilishika kwa vidole viwili, akasema hapana, hajapata kuliona, naye ndiye aliyelisifu siku Mashoto alipolivaa mara ya kwanza. Mwenye duka akasema hapana. Mke wake akatikisa kichwa. Kinyozi, bingwa wa uvumi, mtu ambaye siri ikiingia kibandani kwake hutoka na nywele zilizochanwa, alilitazama bega jekundu muda mrefu.

"Siijui," alisema. "Na fundi aliyeshona hivi ningemkumbuka."

Lilipita mikono ishirini, thelathini. Hapana. Hapana, afande. Mtaa mzima ulidanganya kwa ajili yake, mmoja baada ya mwingine, bila kupangwa, na Mama Vifungo akaona kwamba kama ofisa anasema kweli, basi upendo huu ndio utakaomzika mumewe. Na kama ofisa anasema uongo, ni upendo huohuo utakaomwokoa. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya uchungu wa kumzaa Chiriku. Siku ile angalau hakutakiwa kuchagua.

Seremala alimkabidhi shati bila kumtazama usoni.

Lilikuwa limefuliwa, lakini doa la kahawia lilibaki. Bega lilikuwa zima. Kitambaa cha mwavuli kilifanya kazi yake. Vidole vyake vilipita kwenye mshono mara mbili, vikashuka kifuani, vikasimama.

Shati lilikuwa limekatwa. Halikuchanwa na mwamba. Mkasi mkubwa, mkali, uliingia kwenye pindo la chini ukapanda hadi kwenye kola kwa mikato mirefu minne, sentimita mbili tu kutoka kwenye vifungo. Na vifungo vyote vilikuwa vimefungwa. Alivihesabu kwa kidole gumba, kimoja kimoja: sita, vyote ndani ya matundu yake, kama mumewe alivyovifunga asubuhi aliyotoka.

Miaka kumi na moja alikuwa amekaa na mkasi. Alijua mtu akikata kwa utulivu kitambaa kinasemaje, na akikata kwa haraka kinasemaje. Wa kutega mtego angevifungua vifungo, angetaka shati zuri la kuonyesha watu. Wa kuosha maiti angevifungua pia, ana haraka ya nini? Aliyekata hapa hakuwa na nafasi ya kufungua vifungo sita. Alikuwa akimkimbilia mtu aliyekuwa bado anapumua.

Maiti hakimbiliwi.

"Mpe anayefuata," mama mkwe alinong'ona, na kucha zake zikamwingia mkononi. "Mpe, mwanangu. Sema hapana."

Mama Vifungo aliutoa mkono wake katika mkono ule, kidole kwa kidole, kwa adabu. Akasimama.

"Afande. Hili nimelishona mimi."

Mguno ulipita uwanjani. Kinyozi aliruka juu. "Mama Vifungo, umechoka wewe! Unalichanganya na lingine! Mashati ya kijani ni mengi duniani!"

"Sichanganyi, jirani yangu. Asante." Aliinua shati juu, bega jekundu likaonekana na wote. "Ni mume wangu. Ni baba wa huyu mtoto."



*

Fomu ilikuwa kwenye meza ya mashine, karibu na taa, na wadudu walitembea juu yake. Mwenyekiti alimletea kiti. Kilekile cha plastiki. Hakukikalia.

"Jina lake kamili," alisema ofisa.

Alilitaja. Ofisa aliliandika, na Mama Vifungo akaona kwamba aliliandika mahali pawili: kwenye fomu ya daktari, na kwenye daftari dogo jeusi alilolirudisha mfukoni.

"Mkono upi?" aliuliza Mama Vifungo, ijapokuwa alikuwa anajua.

"Wa kushoto."

"Yeye ni mashoto, afande. Anaandika nao, anakula nao, na mtoto alimbeba kwa huo."

Ofisa alimpa kalamu. Mama Vifungo aliandika jina lake polepole, kwa mkono wa kulia, na herufi ya mwisho ikapotea nje ya mstari.

"Gari linaondoka sasa hivi, dakika kumi," alisema ofisa. "Mletee nguo. Hana kitu cha kuvaa."

*

Nyumbani aliwasha taa. Mama mkwe alikuwa ameletwa na seremala, ameketi kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka.

"Umemuuza mwanangu," alisema. Hakupaza sauti. "Mtaa mzima ulimficha, na wewe mwenye nyumba ukamtoa."

"Pengine nimemuuza, mama. Lakini kaburini nisingeweza kumnunua tena."

Alifungua sanduku. Lilikuwepo shati la buluu, jipya, la kuvaa akirudi kutoka kambini. Ile kambi ya barabara ambayo haikuwepo. Alilitandaza mezani, akalinyoosha kwa viganja, na alipofika kwenye mkono wa kushoto mkasi ulikuwa tayari kwenye vidole vyake. Ni mazoea tu ya kazi. Kipimo kikibadilika, unakata. Alijua hata pa kukatia: nusu kati ya bega na kiwiko, apinde, ashone. Angemaliza kabla gari halijapiga honi. Aliuweka mkasi kwenye kitambaa, ukafunguka kwa mlio wake mdogo.

"Unakata nini?" aliuliza mama mkwe.

Mama Vifungo alisimama vilevile. Chiriku, mlangoni, alimtazama mama yake, kisha akamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumsimulia bibi alichokiona.

"Nimekuuliza, unakata nini?"

"Sikati kitu, mama."

Bibi kizee alikaa akisikiliza. Nje honi ililia mara moja, fupi, ya kiaskari. Akaanza kupapasa sakafu kwa nyayo.

"Viatu vyangu viko wapi?" alisema. "Mimi simwoni, lakini yeye akifumbua macho aone mtu wa kwao."

Chiriku akapiga magoti kumvalisha viatu. Mama Vifungo aliurudisha mkasi kwenye droo, akaifunga droo. Honi ililia tena. Alilikunja shati taratibu kama anayetaka kumkabidhi mteja, kola juu, vifungo vyote vimefunguliwa, na mikono ya shati, yote miwili, ndani.